Nani analinganishwa na nani: kazi ya mtaalamu wa mishahara mahakamani

Mheshimiwa Mwenyekiti, mawakili wasomi, walimu wetu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na ninyi wanafunzi wa sheria na wa takwimu mliojaza viti vya nyuma, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya Marekani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu: kuchambua takwimu za ajira, mishahara na mahudhurio kwa ajili ya kesi za kazi, kisha kukaa kwenye kiti cha shahidi na kumweleza jaji takwimu hizo zinasema nini. Mwenyekiti alipendekeza nianze na historia yangu. Kwa ruhusa yake nitaanza na kesi ambayo sikuhusika nayo kabisa, kwa sababu ilinifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote.

Katika jimbo la Missouri, nje kidogo ya jiji la St. Louis, kuna wilaya ya shule inayoitwa Hazelwood. Mwaka 1973 serikali ya Marekani iliishtaki wilaya hiyo kwa madai kwamba inawabagua walimu weusi katika kuajiri. Mwaka wa masomo 1972/73 ilikuwa na walimu 1,107, na weusi walikuwa 16. Mwaka uliofuata walikuwa 22 kati ya 1,231. Katika miaka hiyo miwili wilaya iliajiri walimu wapya 405, na kati yao weusi walikuwa 15. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1977.

Sasa fuateni hesabu. Je, 15 kati ya 405 ni wachache? Huwezi kujibu mpaka useme wachache kulinganisha na nini. Serikali ilisema: tazama walimu wote wa kaunti ya St. Louis pamoja na jiji lenyewe. Kwa sensa ya 1970, weusi ni asilimia 15.4. Kwa kipimo hicho, wilaya ingetarajiwa kuajiri walimu weusi wapatao 62. Wilaya ikajibu: jiji liondoeni, kwa sababu shule za jiji zina sera ya kuhakikisha nusu ya walimu wao ni weusi, kwa hiyo zinawavuta wote kwao. Ukiliondoa jiji, asilimia inashuka hadi 5.7, na matarajio yanakuwa 23 tu.

Wanafunzi wa takwimu wanajua kinachofuata. Tunapima umbali kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kiasi ambacho bahati peke yake inaweza kuyumbisha hesabu. Mwaka huohuo wa 1977, katika kesi ya Castaneda, mahakama hiyo ilikuwa imesema kwamba tofauti inayozidi mikengeuko miwili au mitatu inafanya iwe vigumu kuamini kwamba ni bahati tu. Ukichukua 62, watu 15 wako umbali wa mikengeuko zaidi ya sita. Hiyo si bahati, hata kidogo. Ukichukua 23, watu walewale 15 wako chini ya mikengeuko miwili, na mwajiri anaweza kwenda nyumbani. Walimu hawakubadilika wala kanuni ya hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni mpaka uliochorwa kwenye ramani.

Mahakama haikuchagua mpaka. Ilirudisha kesi chini ili ichunguzwe walimu wanatoka wapi hasa. Mwalimu anayeishi jijini anaweza kusafiri kila siku hadi Hazelwood? Wangapi wanafanya hivyo? Sera ya jiji iliwavuta wangapi kweli? Hayo ni maswali ya barabara, nauli na maisha ya watu, na hakuna programu ya kompyuta itakayokujibu. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaotaka kazi hii: fomula mtaijua kwa muhula mmoja. Kinachochukua miaka ni kujua nani alinganishwe na nani, na kuweza kutetea uamuzi huo mbele ya mtu aliyelipwa kuubomoa.

Kwenye mishahara jambo hili linakuwa gumu zaidi. Kuajiriwa ni ndiyo au hapana. Mshahara una sababu nyingi: elimu, miaka kazini, cheo, kituo, zamu, utendaji. Mwajiri akiulizwa kwa nini Asha analipwa chini ya Juma, hakosi sababu. Kazi yetu ni kuziweka sababu hizo zote mezani kwa pamoja, kwa watu wote kwa pamoja, na kuuliza: wakichukuliwa wawili wanaolingana kwa haya yote, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, mishahara yao inapishana kiasi gani kwa wastani? Hiyo ndiyo regresheni, mkiondoa alama za Kigiriki.

Kesi iliyoipa regresheni nafasi yake mahakamani ni ya maafisa ugani wa kilimo. Najua hapa ukumbini wamo wenye wazazi maafisa ugani, kwa hiyo mtaielewa upesi. Jimbo la North Carolina lilikuwa na idara mbili za ugani, moja ya wazungu na nyingine ya weusi waliowahudumia wakulima weusi, na mishahara ya weusi ilikuwa chini. Tarehe 1 Agosti 1965 idara ziliunganishwa. Jina likawa moja, ofisi zikawa za pamoja, lakini mishahara haikusawazishwa. Pengo la zamani lilihamia kwenye idara mpya. Wataalamu wa upande wa wadai walichukua rangi, elimu, miaka ya utumishi na cheo, wakakuta kwamba mwaka 1974 afisa mweusi alilipwa dola 331 pungufu kwa mwaka kuliko mzungu aliyelingana naye kwa cheo, elimu na utumishi. Mwaka 1975 pengo lilikuwa dola 395.

Mahakama ya rufaa iliikataa regresheni hiyo kwa hoja kwamba haikuingiza kila kitu kinachoweza kupimwa. Mwaka 1986, katika kesi ya Bazemore, Mahakama ya Juu ilisema hapana. Uchambuzi unaobeba sababu kuu unapokelewa. Kama kuna sababu iliyoachwa, hilo linapunguza uzito wake na haliufuti. Upande wa utetezi ulidai kwamba tofauti zilitokana na kaunti, kwa kuwa kila kaunti ilichangia sehemu ya mshahara na nyingine zilichangia kidogo. Wadai walionyesha kwamba maafisa weusi hawakuwa wamerundikana kwenye kaunti zenye michango midogo. Huo ndio mfano wa ushahidi mzuri: hoja ya mpinzani inachukuliwa kwa uzito, inapelekwa kwenye data, inajibiwa kwa data. Na mahakama ikasema jambo ambalo wafanyakazi wanapaswa kulijua: kila mshahara unaotoka ukiwa pungufu kwa sababu ya rangi ni kosa jipya, hata kama chanzo chake ni cha zamani kuliko sheria yenyewe.

Hapa pana mtego ambao nimeuona ukiwanasa wataalamu wazuri wa pande zote mbili, nao ni cheo. Mwajiri atasema: weka cheo kwenye regresheni, uone pengo linavyotoweka. Ni kweli, mara nyingi linapungua sana. Lakini cheo amekitoa nani? Kama wanawake wanakwama daraja la chini kwa sababu wakubwa hawawapandishi, basi kulinganisha wanawake wa daraja la chini na wanaume wa daraja la chini ni kulificha kosa ndani ya kipimo. Ukikiacha cheo kabisa nako unakosea, maana utamlinganisha mhasibu na mhudumu. Mimi nilikuwa nafanya uchambuzi mara mbili, nikiwa na cheo na bila cheo, kisha wa tatu unaouliza vyeo vyenyewe vimegawanywaje kwa watu walioanza kazi pamoja wakiwa na sifa sawa. Mwanasheria anayekuajiri atatamani uwasilishe ule unaomfaa peke yake. Usikubali. Mtaalamu wa upande wa pili ataufanya uchambuzi uliouacha, na mbele ya jaji utaulizwa kwa nini uliuacha.

Kesi ya Wal-Mart v. Dukes ya mwaka 2011, ya wanawake waliodai kubaguliwa na kampuni ya maduka ya Wal-Mart, ilikuwa vita vya namna hiyohiyo, kwa kiwango kikubwa. Wanawake wapatao milioni 1.5, maduka yapatayo 3,400, na takwimu za kampuni moja mikononi mwa wataalamu wa pande mbili. Mtaalamu wa wadai alichambua kwa kanda 41 za kampuni, akakuta wanawake wanalipwa chini katika kila kanda. Mtaalamu wa kampuni alishuka hadi ngazi ya duka na sehemu za duka, akasema katika takriban asilimia 90 ya maduka hakuna tofauti inayofikia kiwango cha kitakwimu, yaani iliyo kubwa kuliko inayoweza kuletwa na bahati. Mahakama ya Juu iliwakatalia wanawake hao kuendesha kesi moja ya pamoja; ilisema tofauti ya kanda haithibitishi tofauti ya kila duka, na kwamba mameneja wa maduka ndio walioamua mishahara.

Nina msimamo wangu hapa na nitausema wazi. Ni sahihi kwamba uchambuzi ufuate mahali uamuzi unapofanyika. Kama meneja wa duka ndiye anayepanga mshahara, duka lina maana. Lakini ukiikata kampuni vipande vya watu kumi kumi, unakuwa umechagua jibu kabla ya swali, kwa sababu katika kundi dogo namna hiyo hata pengo kubwa litaonekana ni bahati. Kipande kimoja hakithibitishi chochote. Vipande 3,000 vikielekea vyote upande mmoja vinathibitisha mengi, na ziko njia za kitakwimu zinazokubalika za kuvijumlisha bila kuchanganya duka na duka. Nawaomba mawakili mlifahamu hilo, maana hoja ya "tugawanye zaidi" itakuja hata kwenye mashauri ya hapa nyumbani.

Nimezungumza sana kuhusu ubaguzi. Ukweli ni kwamba siku nyingi za kazi hii haziendi huko. Zinakwenda kwenye saa: nani alifanya kazi saa ngapi, na alilipwa saa ngapi. Marekani ina sheria ya mwaka 1938 inayosema saa zinazozidi 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu. Sentensi rahisi kabisa, na bado mahakama zimejaa.

Niwaonyeshe faili lenyewe. Kampuni inakupa jedwali la kompyuta lenye mistari milioni kadhaa. Safu ya kwanza ni namba ya mfanyakazi, kisha tarehe, kisha saa ya kuingia, saa ya kwenda chakula, saa ya kurudi, saa ya kutoka, kisha saa zilizolipwa. Mtu asiyezoea ataanza kujumlisha. Aliyezoea anaanza kwa kusoma mistari kama anavyosoma gazeti, akitafuta kisichofanana na binadamu. Unakuta mfanyakazi wa ghala ambaye chakula chake cha mchana ni dakika 30 kamili, Jumatatu hadi Ijumaa, Januari hadi Desemba. Wenzake 600 vilevile. Hakuna binadamu anayekula dakika 30 kamili mwaka mzima. Hapo unajua kwamba saa hizo hazikugongwa na mtu. Programu inakata nusu saa yenyewe, awe amekula au hakula.

Kukata huko peke yake si kosa. Kama kweli watu walipumzika, sawa. Kwa hiyo unatafuta nyayo nyingine. Wafanyakazi wa ghala wanashika skana, na skana inaandika kila mzigo uliosomwa, kwa dakika na sekunde. Milango inafunguliwa kwa kadi. Mashine za malipo zina namba ya mhudumu. Unaziunganisha rekodi hizo na ile nusu saa iliyokatwa, unakuta mtu anayesemekana alikuwa anakula amesoma mizigo 40. Au unakuta skana imenyamaza kwa muda unaolingana na mapumziko, na hapo inakubidi umwambie wakili wa wafanyakazi kwamba dai lake halina msingi. Nimeyaona yote mawili.

Au chukueni kukadiria saa. Kanuni za Marekani zimeruhusu mwajiri kukadiria muda hadi robo saa iliyo karibu, mradi baada ya muda mrefu faida na hasara zilingane. Aliyeingia saa 1:53 asubuhi anahesabiwa saa 2:00. Aliyeingia saa 2:07 naye anahesabiwa saa 2:00. Saa 2:08 inakuwa 2:15. Kwa karatasi ni haki. Lakini kampuni hiyohiyo ina kanuni nyingine kwenye kitabu cha nidhamu: ukichelewa hata dakika moja unapewa onyo, na ukitoka kabla ya muda unapewa onyo. Watu wanafanya nini? Wanawahi asubuhi, na jioni wanachelewa kutoka dakika tano sita. Dakika zote wanazowahi zinakatwa, dakika zote wanazochelewa kutoka zinakatwa, na zile dakika za upande wa pili ambazo zingesawazisha hesabu hazitokei kamwe kwa sababu watu wanaogopa onyo. Uonevu huo hauonekani ukisoma kanuni moja; unaonekana ukiziweka mbili pamoja na kuzipitisha kwenye mistari milioni.

Na bonasi. Mfanyakazi analipwa dola 20 kwa saa, wiki hii amefanya saa 50, na amepata bonasi ya mahudhurio ya dola 100. Idara ya mishahara inahesabu: saa 40 kwa dola 20 ni 800, saa 10 za ziada kwa dola 30 ni 300, ongeza bonasi 100, jumla 1,200. Inaonekana safi. Sheria inasema bonasi ya namna hiyo ni sehemu ya ujira, kwa hiyo kiwango chake halisi wiki hiyo ni dola 1,100 kugawa kwa saa 50, yaani dola 22. Kila saa ya ziada anadai nusu ya kiwango hicho juu, dola 11, mara saa 10 ni 110. Jumla inakuwa 1,210. Amepunjwa dola 10. Hakuna mfanyakazi atakayepanda basi kwenda kwa wakili kwa ajili ya dola 10. Lakini wafanyakazi 2,000 kwa wiki 50 ni dola milioni moja kwa mwaka, na sheria hiyo inaweza kumtaka mwajiri alipe kiasi kingine kama hicho juu yake. Mara nyingi aliyeandika programu ya mishahara hakuwa na nia mbaya. Nia haimrudishii mtu fedha yake.

Je, kama rekodi hazipo? Swali hili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu, kwa sababu ndilo letu. Mwaka 1946, katika kesi ya kiwanda cha vyungu cha Mt. Clemens huko Michigan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka kanuni: kutunza rekodi ni wajibu wa mwajiri. Kama hakuzitunza, mfanyakazi hawezi kuadhibiwa kwa kukosa usahihi ambao mwajiri ndiye aliyeuharibu. Mfanyakazi anaruhusiwa kuleta makisio ya haki na ya kuaminika, kisha mzigo unahamia kwa mwajiri kuyapinga.

Miaka 70 baadaye, mwaka 2016, kanuni hiyo ilifanya kazi katika kesi ya Tyson Foods. Kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Storm Lake, Iowa, hakikuandika muda halisi ambao kila mfanyakazi alitumia kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga, na kutembea kwenda na kurudi kwenye mstari wa kazi. Mtaalamu wa wafanyakazi alipiga picha za video 744 za watu wakivaa na kuvua. Akapata wastani: dakika 18 kwa siku kwa idara za ukataji, dakika 21.25 kwa idara ya uchinjaji. Mtaalamu mwingine akachukua dakika hizo akaziongeza kwenye rekodi za kila mfanyakazi, mmoja mmoja, zaidi ya watu 3,000, kuona nani anavuka saa 40. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, iliwapa takriban dola milioni 2.9, chini ya nusu ya kilichohesabiwa, na Mahakama ya Juu ikaukubali ushahidi huo wa wastani. Dakika 18 za kuvaa aproni na buti zilipimwa kwa heshima ileile tunayoipa bilioni za kampuni. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa kazi hii, na sioni haya kusema inanigusa.

Sasa turudi nyumbani Tanzania. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina saa 45 za kawaida kwa wiki, ovataimu isiyozidi saa 50 katika kila wiki nne, na malipo ya mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya saa nzima, na mwajiri halazimiki kuyalipa, isipokuwa kama alimtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo tayari wakati huo.

Mchukueni mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Mwajiri atasema toa saa moja ya mapumziko kila usiku, zibaki 66. Swali la kwanza la mtaalamu ni hili: mlinzi alipopumzika, nani alishika geti? Kama yuko peke yake, saa ile ilikuwa ya kazi. Lakini hata tukimpa mwajiri hesabu yake, 66 kutoa 45 ni saa 21 kwa wiki, saa 84 kwa wiki nne, na kikomo ni 50. Ukiongeza ile asilimia 5 kwa saa zake za usiku, dai linajengeka bila hata regresheni. Ushahidi uko wapi? Uko kwenye daftari la lindo, ambamo anaandika muda wa kupokea na kukabidhi. Uko kwenye ujumbe wa simu ambao msimamizi alimtumia saa 8 usiku kumuuliza kama kuko salama. Uko kwenye taarifa ya malipo ya simu, kama analipwa kwa M-Pesa, inayoonyesha fedha iliingia lini na kiasi gani. Hizo nazo ni data. Mtu mwenye nidhamu anaweza kuziweka kwenye jedwali moja kwa jioni mbili tatu.

Kuhusu mzigo wa ushahidi, sheria zetu si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 15 cha sheria ya Tanzania kinasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kenya inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na kifungu cha 5 kinataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kumtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951. Msingi upo. Kinachokosekana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, na mbele ya mahakama zetu za kazi, ni watu wanaojua kuchukua orodha ya mishahara ya watu 400 na kuichambua.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni usiri. Bi Lilly Ledbetter alifanya kazi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama, kuanzia 1979 hadi 1998. Karibu na mwisho wa utumishi wake mtu asiyejulikana alimwachia karatasi yenye mishahara. Yeye alilipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume wa chini kabisa katika nafasi ileile alipata 4,286, wa juu kabisa 5,235. Alishinda mbele ya juri, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu maamuzi ya mishahara yalipofanyika, maamuzi ambayo hakuyajua. Bunge la Marekani lilibadili sheria, na Rais Obama akaisaini tarehe 29 Januari 2009. Sasa kila malipo yenye ubaguzi yanaanzisha hesabu upya. Kwenye CMA migogoro ambayo haihusu kuachishwa kazi ina siku 60. Siku 60, katika nchi ambayo kumuuliza mwenzako analipwa kiasi gani kunaonekana ni utovu wa adabu! Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, hili ni lenu. Mkusanye hati za mishahara za wanachama kwa hiari yao, mfiche majina, mzihifadhi kwa utaratibu kabla mgogoro haujazaliwa.

Niseme machache kwa vijana wanaofikiria kuifanya kazi hii. Huko Marekani shahidi mtaalamu analipwa kwa saa; haruhusiwi kupokea asilimia ya kitakachopatikana. Ripoti yake lazima ionyeshe maoni yake yote na msingi wake, data alizotumia, malipo yake, machapisho yake ya miaka kumi, na kesi zote alizotolea ushahidi katika miaka minne iliyopita. Upande wa pili unaisoma kila mstari. Tangu kesi ya Daubert ya 1993, jaji wa mahakama za shirikisho ana wajibu wa kuuzuia ushahidi usio na njia ya kuaminika kabla juri haijausikia. Nimefanya kazi kwa wafanyakazi na nimefanya kwa waajiri, na nawashauri mfanye vivyo hivyo mkipata nafasi. Anayehudumia upande mmoja maisha yake yote huanza kuona data kwa jicho moja. Kazi yenye faida kubwa kwa jamii, kwa maoni yangu, ni ile ambayo haifiki mahakamani kabisa: mwajiri anakuita mapema, unapitia mishahara yake, unamwonyesha mapengo, anayarekebisha na watu wanalipwa mwezi unaofuata.

Jifunzeni programu yoyote ya takwimu, R inapatikana bure. Someni sheria ya kazi yote, hata kama hamsomei sheria. Na mkipewa faili la mishahara, kabla hamjagusa hesabu, ombeni mambo matatu: maelezo ya kila safu na aliyeiandika, sera ya mishahara kama ilivyokuwa miaka hiyo na si ilivyo leo, na ruhusa ya kuzungumza na mtu wa idara ya mishahara aliyekuwa akiiendesha kila mwisho wa mwezi. Huyo wa tatu ndiye atakayewaambia kwamba namba 99 kwenye safu ya cheo inamaanisha kibarua, na kwamba vibarua wote wa msimu waliondolewa kwenye faili kabla halijaletwa kwenu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tupokee maswali, tukianza na ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa nimeambiwa baadhi yao wamekuja na madaftari yao ya lindo.